Siku Kumi na Moja na Mama Mkwe

Daftari la Stela

Tangu turudi nimeisimulia safari hii kwenye chumba cha walimu, kwa kinyozi, nje ya kanisa, na mara moja kwenye foleni ya benki, na kila nikifika sehemu ya polisi kuna mtu ananikatiza. Kwa hiyo naandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi akae chini asome kwa mpangilio. Habari za pasi, chanjo ya homa ya manjano na kukata tiketi nimeziruka. Ziliniudhi mara moja, inatosha.

Kwanza muelewe ukwe wetu ulivyo. Mke wangu Stela ni binti wa Usevya, na mama yake ni Mpimbwe wa kale, mzee wa miaka sabini na kitu, amelima mpunga maisha yake yote. Kwa ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja, hawaangaliani usoni, hawalali chini ya paa moja, na kamwe hawatajani majina. Anayevunja hulipa mbuzi. Neno likitaka kupita kati yao, linapitia kwa mtu wa tatu. Miaka kumi na sita maneno yetu yalipitia kwa Stela, halafu kwa binti yetu Neema alipojua kuongea. "Neema, mwambie baba yako mvua inakuja," mama anasema, na mimi nimesimama hatua nne kutoka kwake, nimeshalowa. Nyumba yake niliiezeka mwenyewe kwa mabati bila kuingia ndani hata siku moja. Misumari nilikuwa naiomba kwa kupiga kelele kutoka juu.

Mambo haya yalinichekesha mpaka Machi. Siku hiyo nilimpelekea mbolea, nikasikia mtu anaugulia ndani. Mama alikuwa ameanguka chumbani kwake, nyonga imegoma. Mlango ulikuwa wazi. Nilisimama kizingitini na mikono yangu miwili mizima, nikashindwa kuingia. Nikakimbia mashambani kutafuta mwanamke yeyote, na wa kwanza kupatikana alikuwa mbali. Mama alikaa sakafuni karibu saa nzima huku mkwe wake akitimua vumbi. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Stela akasema basi, mama anahamia kwetu Ilembo, Mpanda mjini. Mama akajibu, kupitia kwa Neema, kwamba chini ya paa la mkwe halali, heri afie kwake na heshima yake. Stela hakubishana. Alinunua daftari.

Mama alikuwa na hamu moja tu ya kidunia. Neema aliwahi kumsomea kutoka kitabu changu cha jiografia habari za maporomoko ya Zambia, ambayo wenyeji wanayaita moshi unaonguruma. Mama akasema moshi wa kuni ameushiba, wa maji angependa auone kabla hajazikwa. Mimi mwenyewe nimeyafundisha maporomoko hayo miaka kumi na nne kwa chaki ya bluu bila kuyaona. Stela akaandika: basi hadi Mbeya, treni hadi Kapiri Mposhi, gari la kukodi hadi Lusaka, kisha Livingstone, watu wanne. Kila mji aliupangia saa ya kufika, saa ya kula na nguo ya kuvaa.

"Treni ni paa moja," aliniambia jikoni. "Akilala humo na wewe siku mbili na dunia isipasuke, atasema nini tena?"

"Na ikipasuka?"

"Ukimrudisha amenuna, anarudi kwenye kile chumba. Peke yake. Kwa hiyo usiharibu."

Mama alikubali kwa sharti moja: Stela na Neema wakae katikati yetu mwanzo mpaka mwisho.

Mpanda hadi Mbeya

Asubuhi ya safari Neema aliamka na vipele mikono yote miwili. Stela alimtazama kidogo tu, kidogo mno kwa mama mwenye uchungu, akasema ni tetekuwanga, hawezi kuvuka mpaka, na yeye hawezi kumwacha mtoto. Haya aliyasema stendi, basi likiwa linaunguruma, mama akiwa ameshakaa ndani na mzigo wake: kilo kumi za mchele wa Usevya na ndoo ya asali kutoka kwa baba yangu kijijini Litapunga. Nchi za watu haendi mikono mitupu.

"Nyie nendeni," akasema Stela.

"Nyie nani?"

"Nyie wawili."

Alinisukuma mlangoni kwa mkono ule ule anaonipungia nikienda kazini. Nilipogeuka, mama alikuwa amevuta kitenge mpaka puani na anatazama nje, kama mtu aliyeuzwa.

Nilikwenda kukaa siti tano nyuma yake, na hapo ndipo mfumo mpya wa mawasiliano ulipozaliwa. Tulipokuwa tunapita porini Sitalike mbung'o waliingia dirishani. Mama, ambaye hanitazami, aliona mmoja ametua shingoni mwangu. Akamwambia jirani yake, "Mwambie yule baba ana mbung'o." Jirani akamwambia wa nyuma yake, huyo akamwambia muuza vitunguu, muuza vitunguu akamaliza kwanza habari aliyokuwa anaisimulia, halafu akamgusa mtu wa mbele yangu. Ujumbe uliponifikia, mbung'o alikuwa ameshakula, ameshiba na ameondoka.

Kuanzia hapo basi zima lilikuwa linashiriki. Mtu alinipitishia muhindi kutoka kwa mama. Mimi nikarudisha chupa ya maji. Njiani ilipungua kidogo. Tulipofika Sumbawanga abiria wapya walielekezwa na wa zamani namna ya kututumikia, na mzee mmoja wa Kifipa akanipongeza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nina akili timamu kusafiri hivi.

Mbeya kulikuwa na baridi ya kung'oa meno. Mama alichagua nyumba ya wageni, akamtuma mhudumu aniambie nitafute nyingine. Nilipata ng'ambo ya barabara, yenye blanketi moja na jogoo mmoja asiyejua saa.

Mbeya hadi Kapiri Mposhi

Daftari lilisema treni inaondoka mchana. Iliondoka, ila sitasema mchana wa saa ngapi. Stela alikuwa amechukua chumba kizima cha vitanda vinne, viwili chini, viwili juu, mlango wa kusukuma. Mama alisimama mlangoni akakitazama. Nami nilisimama nyuma yake nikakitazama. Kulikuwa na nafasi ya kuwekea heshima isiyozidi goti.

Nilitangaza kwa ukuta kwamba mimi nitakaa koridoni. Nilikaa koridoni saa tatu. Kila aliyepita na birika alinikanyaga, na bwana wa tiketi akaniambia nikikutwa tena pale atanihesabu kama mzigo.

Ndipo nilipomwona Bana Mutale. Alikuwa mama wa Kizambia mwenye mabegi saba, mfanyabiashara anayenunua mitumba Dar na kuiuza Lusaka, na dirisha la chumba chake lilikuwa limekwama wazi. Kiswahili alikijua cha sokoni, kipana na chenye nguvu. Nilimwomba aje achukue kitanda kimoja chetu bure. Akanitazama kwa mashaka.

"Unataka nini?"

"Nataka ukae katikati."

Nilipomweleza alicheka mpaka mabegi mawili yakaanguka. Lakini alikuja, akatundika kitenge chake kikubwa kati ya vitanda vya chini, akakaa mwisho wa kitenge kama hakimu, mama upande mmoja na mimi upande wa pili. Mama alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Mpanda.

Tatizo la Bana Mutale ni kwamba hakuwa mtu wa kupeleka ujumbe kama ulivyo. Mama akisema, "Mwambie baba Neema wali huu aule, utachacha," Bana Mutale ananigeukia: "Mama anasema wewe umekonda, unamwaibisha." Nikisema, "Mwambie mama nashukuru," anageuka: "Anasema amekonda kwa sababu ya mtoto wako." Kutoka nyuma ya kitenge nikasikia mama anacheka. Sikuwahi kumsikia mama mkwe wangu akicheka. Nilidhani kwanza ni kikohozi.

Walibishana pia kuhusu dagaa. Bana Mutale alitoa kapenta, akasema ni samaki wa Zambia. Mama akaonja, akasema hawa ni dagaa wetu wa Tanganyika, anawajua kwa majina. Bana Mutale akasema ziwa lina pande nyingi. Mama akasema ndiyo, lakini dagaa wana kwao. Ubishi huo ulidumu kutoka Kasama mpaka karibu na Mpika.

Siku ya pili, ilikuwa Jumatano, treni ilisimama porini. Hakuna aliyetuambia kwa nini, na baada ya saa nne hakuna aliyeuliza tena. Watu walishuka wakafua nguo. Kijiji kilichokuwa karibu kilileta soko: karanga, miwa, na kitu cha rangi ya kahawia kilichokatwa vipande kama soseji nene. Mama alikataa, alikuwa kwenye novena ya kutokula nyama. Bana Mutale akamwapia kwamba si nyama, ni chikanda, inatokana na viazi vidogo vya porini na karanga. Mama akanusa, akauma, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Hivi viazi si ndivyo wanavyochimba kule Ufipa wanawauzia watu kwa magunia?"

"Ndiyo hivyo," akasema Bana Mutale.

"Kumbe vinakuja kupikwa huku!" Alivila vipande vitano, akaagiza nami nipewe. Tulikula kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule wa kitenge, na nikasikia anavyotafuna. Nadhani naye alinisikia. Kwa ukoo wao hilo tayari ni nusu mbuzi, lakini hakuna aliyesema kitu.

Tulilala chini ya paa moja, kama Stela alivyotaka. Dunia haikupasuka. Ila kila nilipojigeuza, kutoka upande wa pili sauti ilisema, "Bana Mutale, mwambie kitanda chake kinalia."

Kapiri Mposhi hadi Lusaka

Gari la kukodi lilikuwa jeupe, dogo, na likinuka kitu cha kufukuzia harufu nyingine. Nilikaa mbele, mama nyuma, Bana Mutale pembeni yangu na begi moja miguuni. Mengine sita yalikuwa juu ya mama. Alikaa humo bila kulalamika, akachungulia kwa jicho moja mpaka Kabwe.

Lusaka Bana Mutale alishukia sokoni. Alilipwa chupa mbili za asali na akaniandikia namba yake kwenye mkono. "Mukipata shida, pigeni," akasema. "Nyie watu mutapata shida." Kisha akaondoka, na ndani ya gari pakawa na kimya ambacho sijawahi kukisikia hata kwenye mtihani wa taifa.

Niliwasha ramani ya simu. Mjue kwamba simu yangu ina sauti ya kike inayoelekeza njia kwa Kiingereza. Iliposema kata kushoto, mama alishtuka.

"Huyo dada ni nani?"

Aliuliza hewani, kwa hiyo sikuweza kujibu. Sauti ikasema tena. Mama alisogea mbele kidogo. "Dada," akaiambia, "mwambie baba Neema apunguze mwendo." Wakati huo huo simu ikasema kuna mzunguko mita mia mbili mbele, nami nikapunguza mwendo. Mama akarudi nyuma ameridhika. Tangu hapo dada wa kwenye simu ndiye aliyekuwa katikati. Mama alimsifu kwamba anafikisha ujumbe upesi kuliko Bana Mutale, kasoro yake moja tu hasalimii.

Mzunguko ule tuliuzunguka mara sita. Mimi ndiye niliyeshindwa kutoka, lakini mama alidhani ni utaratibu wa nchi, akawa anawapungia watu mkono.

Hotelini ndipo aibu iliponikuta. Nafasi zilikuwa zimewekwa kwa jina langu na la Stela, chumba kimoja cha wenzi na kingine cha mtoto na bibi, halafu mtu fulani akaamua kwamba kwa kuwa tumekuja wawili chumba kimoja kinatutosha. Binti wa mapokezi alimsalimia mama kama mke wangu. Alimsalimia kwa Kiingereza, Mungu ana huruma. Nilipofungua mlango, juu ya kitanda walikuwa wamemwaga maua mekundu kwa umbo la moyo.

Niliweka mzigo chini, nikatoka kinyumenyume, nikaenda kulala kwenye gari. Chumba kingine hakikuwepo tena. Asubuhi mama alikaa nyuma, akangoja niwashe ramani.

"Dada," akasema, "mwulize baba Neema, yale maua kitandani, nani alikufa?"

Lusaka hadi Livingstone

Ilikuwa Ijumaa, barabara nzuri, mimi nimeanza kujiamini. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mbele kulikuwa na kizuizi cha polisi, na askari wa kike, kijana, mpole sana, akaniomba leseni. Nikampa. Akainama kutazama nyuma.

Sasa tazameni alichokiona. Bibi mzee amejifunika kitenge kichwani, amegeukia dirisha la upande wa pili kwa sababu mimi nimegeuka kumtazama askari. Askari akamwomba ashushe kioo. Kioo hakikushuka, kilikuwa kimefungwa kutoka kwangu mbele, na mimi sikujua. Akamwomba atoke. Mama akavuta mlango, haukufunguka. Milango ya nyuma ilikuwa imewekewa kufuli ya watoto, na hilo nalo sikulijua. Mama akauvuta tena kwa nguvu. Kwa mtu wa nje alikuwa mateka anayejaribu kutoroka.

"Huyu ni nani wako?" askari akaniuliza kwa Kiingereza.

"Mama mkwe wangu."

"Mke wako yuko wapi?"

"Amebaki nyumbani."

"Pasi ya huyu mama iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilipoitoa niliona uso wa askari umebadilika. Akafungua mlango kwa nje, akamshusha mama kwa upole, akamsemesha Kiingereza, kisha lugha mbili za kwao. Mama alitazama simu yangu kwenye dashibodi. "Dada, mwambie huyu binti simwelewi." Dada akasema tuendelee moja kwa moja kilomita mia moja na themanini.

Namba ya Stela haikupatikana, ndipo nikakumbuka mkono wangu. Namba ya Bana Mutale ilikuwa imefifia lakini ilisomeka. Askari akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Ndiyo, nawajua sana!" Bana Mutale akapiga kelele kwa furaha, kwanza kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili ili nami nifurahi. "Nimemwambia tulikaa chumba kimoja siku mbili! Nimemwambia huyu mama hakuongea na wewe hata neno, alikuwa anajificha nyuma ya kitenge!"

Askari alichukua ufunguo wa gari. Akamwambia Bana Mutale amuulize mama swali moja tu: mwanaume huyu anaitwa nani?

"Ni baba Neema," mama akasema.

"Jina lake, mama."

"Simtaji."

"Kwa nini?"

Mama akageukia barabara. Angeeleza kwamba ni mkwe, lakini hilo nilishalisema mimi, na askari alitaka jina, akasema mama gani asiyejua jina la mume wa binti yake. Kisha akanieleza utaratibu, taratibu na kwa adabu. Mama atapelekwa mahali pa kupumzikia, kwa watu wa ustawi wa jamii. Mimi nitakaa kituoni mpaka wapatikane watu wa kututambua, na kwa kuwa ni Ijumaa huenda ikawa Jumatatu.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama kwenye jua kwa nyonga yake mbovu, katika nchi asiyojua hata neno la kuombea maji. Nikaona wazi jinsi itakavyokuwa: watu wageni watamchukua, atarudi nyumbani na hasira mpaka kaburini, na kile chumba cha Usevya kitamngoja na sakafu yake. Na hata hivyo sikuweza kumwomba alitaje jina langu. Miaka kumi na sita ameishika heshima ile. Nilikuwa nani nimpokonye kwa ajili ya usumbufu wangu barabarani?

"Bana Mutale," nikasema, "mwambie mama asiseme. Mwambie mimi nitakaa tu. Ila wamtafutie kiti."

Mama alisikia, maana alikuwa hatua nne, kama kawaida yetu. Akavuta kitenge kutoka kichwani. Akageuka. Akanitazama machoni, na macho yake ni ya Stela kabisa, sikuwa najua.

"Anaitwa Deogratias," akasema. "Deogratias Bonifasi Kapele, mtoto wa Bonifasi mchonga mizinga wa Litapunga. Nyumba yangu kaiezeka yeye na ndani hakujui. Nilipoanguka alikimbia kunitafutia watu mpaka viatu vikamtoka, nilivisikia vinavyodondoka. Haya, mrudishieni ufunguo wake. Ni mkwe wangu."

Kwenye simu Bana Mutale akaanza kutafsiri. Nilisikia neno moja likirudiwa, mpongozi, mpongozi, yaani mkwe kwa lugha yao, na kila likisemwa askari alikuwa anarudi nyuma hatua moja. Mwishoni alikuwa ameshika kofia mkononi. Alisema bibi yake mwenyewe alikuwa akimsikia mkwewe anakuja anajificha kwenye mahindi, na yeye na ndugu zake walidhani anacheza. Kisha akanigeukia kwa ukali ambao hakuwa nao hata aliponidhania mtekaji: mwanaume gani anamweka mpongozi wake kwenye kigari bila mtu wa katikati? Nikasema ni mpango wa mke wangu. Akanionyesha kufuli ya watoto inavyofunguliwa, akatuaga kwa kupiga magoti, si kwangu.

Mama alijifunika tena, akaingia nyuma. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, siwezi kuwasha gari. Nilikuwa nalia, sitaficha.

"Dada," mama akasema, "mwambie baba Neema twende. Moshi usije ukaisha."

Maporomoko

Chaki ya bluu haisemi kweli. Ni meupe, yanapanda juu badala ya kushuka, na yanakulowesha ukiwa bado unayatafuta. Mama alikataa koti la mvua, akasema hajaja kujikinga.

Alisimama kwenye uzio, nami nikasimama hatua nne. Mngurumo ulikuwa mkubwa hata sikuweza kusikia kikohozi changu. Hapo nikaona midomo ya mama inatembea. Alikuwa anaongea. Alikuwa ametazama maji, lakini anaongea upande wangu, na aliendelea muda mrefu, nadhani nusu saa, akionyesha kwa mkono mara moja moja, akitikisa kichwa, kuna mahali alicheka. Miaka kumi na sita yote ilikuwa inatoka, na sikusikia hata neno moja. Nilikuwa naitikia tu kwa kichwa. Alipomaliza alijipangusa uso, akatangulia kurudi kwenye gari.

Kurudi

Njia ya kurudi haina habari. Treni ilichelewa, tukala kapenta, mama hakunisemesha wala hakumsemesha dada. Nilijua nimeharibu. Tulipofika Mpanda, mikono ya Neema ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, na baada ya kubanwa kidogo alikiri kwamba upupu wa nyuma ya shule unawasha siku moja tu, na kwamba mama yake alimhakikishia hauachi alama. Stela alitazama pembeni. Akauliza, "Amenuna?" Nikasema sijui. Mama alipanda gari la Usevya siku hiyo hiyo bila kunywa hata maji, na wiki nzima hakupiga simu. Stela alilifungia lile daftari kabatini. Usiku nilikuwa nawaza ile sakafu.

Jumamosi tukasikia bajaji nje. Mama alishuka kwa fimbo, na nyuma yake vikashuka godoro, sufuria mbili, sanduku, na mbuzi aliyefungwa kamba. Alisimama uani, akamwita Neema.

"Mwambie baba yako nimevunja mwiko, nimetaja jina la mkwe. Nimeleta mbuzi wa faini."

"Baba, bibi anasema..."

"Sijamaliza. Mwambie mbuzi huyu ana mimba, na nyie watu wa mjini hamjui kumtunza. Kwa hiyo nitakaa hapa mpaka azae. Akishazaa tu, narudi kwangu."

Stela alinitazama. Mimi nilimtazama mbuzi. Alikuwa na ndevu, alikuwa na harufu, na alikuwa na vingine vyote ambavyo havihitaji mwalimu wa jiografia kuvitambua. Neema alifungua mdomo wake, nami nikamkanyaga mguu taratibu.

"Mwambie bibi yako," nikasema, "asiwe na haraka. Mimba za mbuzi wa namna hii huwa zinachelewa sana."